Nimepanda Farasi Mwaka Mzima, Mbona Watoto Wananipita?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 38 na naishi Nairobi. Nilianza kujifunza kupanda farasi mwaka jana, kila Jumamosi, katika darasa la watu sita. Wanne ni watoto wa shule na wote sasa wanaruka viunzi. Mimi farasi akianza kanta, yaani mbio za wastani, bado natetemeka. Miezi michache iliyopita nilianguka. Sikuumia, lakini tangu siku ile nikiona zamu yangu inakaribia moyo unanienda mbio. Jioni nikifungua simu naona wanawake wa rika langu wanapiga shoti ufukweni, nywele zinapepea. Je, nimechelewa? Nifanyeje nijiamini bila kujilinganisha na wengine? Na mwezi ujao klabu yetu ina mashindano madogo ya ndani. Niingie, au nikae nje nitazame?

Jibu: Marahaba, dada. Kabla sijagusa habari za moyo wako, nataka kujua habari za farasi wako. Unapewa yupi? Ana umri gani, alifanya kazi gani kabla ya kufika hapo klabuni, na zamu yako ikifika ameshabeba watu wangapi siku hiyo? Swali lako lote linahusu watu: watoto wa darasani, wanawake wa kwenye simu, wewe mwenyewe. Farasi umemtaja mara moja tu, pale anapokutetemesha.

Nauliza kwa sababu naijua Nairobi. Farasi wengi wanaofundishia hapa walianzia maisha kwenye mbio za Ngong. Farasi wa mbio huanza mazoezi ya kupandwa akiwa bado mdogo, miaka miwili hivi. Hukimbia akiwa katikati ya wenzake, na huzoea kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni: aliye mgongoni akikaza hatamu, naye hujikaza na kuongeza mwendo. Akistaafu anaweza kufundishwa upya, na wapo waliogeuka wakawa wapole kabisa. Wengine mafunzo ya zamani hayawatoki. Sasa mtu aliyeanza juzi anapewa farasi wa namna hiyo, anaogopa, anavuta hatamu kwa nguvu ili asimame, na farasi anachosikia ni "haya, twende". Wakati huohuo mtoto aliye mbele yake amekalia poni, farasi wa kimo kidogo, tena mzee aliyefundisha watu tangu mtoto mwenyewe hajazaliwa, anayejua kiunzi kilipo na anakiruka hata usipomwambia. Ukijilinganisha na mtoto huyo, unalinganisha nini na nini?

Ongeza kimo. Farasi wa sentimita 163 mabegani ni wa kawaida kwa mtu mzima. Ukishamkalia, kichwa chako kiko karibu mita mbili na nusu kutoka ardhini. Poni wa sentimita 122 anamweka mtoto chini sana kuliko hapo, na mtoto mwenyewe ni mwepesi, hana kodi ya nyumba wala hana kazi inayomngoja Jumatatu. Wewe ukianguka unajua mkono uliovunjika unamaanisha nini nyumbani kwako. Hofu yako ina hesabu ndani yake, na hesabu yenyewe ni sahihi. Mtu mzima asiyeogopa farasi hata kidogo mimi humwangalia mara mbili.

Kwa hiyo Jumamosi fika nusu saa mapema, umtafute saisi. Mwalimu anakujua wewe, lakini saisi ndiye anayemjua farasi: ndiye anayemlisha, anayempiga burashi, anayejua leo ameamkaje na nani alimpanda asubuhi. Muulize wazi kama farasi huyu anavuta, kama anapenda kutangulia au kufuata, na kama ana kidonda chini ya mshipi wa tumboni au tandiko linambana. Farasi anayeumwa mgongo hukataa kanta au huianza kwa kurusha matako, na mwanafunzi hujilaumu kwa kosa ambalo si lake. Ukigundua farasi hakufai, omba mwingine. Hapo huombi upendeleo, unaomba ulicholipia.

Tuseme farasi ni mzuri, na shida bado ipo. Basi tuitazame ile foleni.

Mmesimama sita upande mmoja wa uwanja, mwalimu anaita mmoja mmoja. Binti aliye mbele yako anaondoka, anakifikia kiunzi, anaruka, anapigiwa makofi. Macho yako yote yako kwake. Muda wote huo hujapumua vizuri. Mabega yamepanda kuelekea masikioni, vidole vimekaza hatamu, magoti yamebana tandiko. Goti likibana, sehemu ya chini ya mguu hurudi nyuma, kisigino kikapanda na kumgusa farasi ubavuni. Kwa farasi, kisigino ni "nenda". Anapiga hatua. Unashtuka, unavuta hatamu, na hatamu ni "simama". Ameambiwa nenda na simama kwa pamoja, na aliyemwambia hajui hata kama amesema kitu, kwa kuwa macho yake yako kwa jirani. Ukiinama utaona sikio moja limegeuka nyuma, kisha la pili: anakutafuta. Mkia unaanza kupigapiga. Jina lako likiitwa, mnaondoka nyote wawili mkiwa tayari mmeshagombana.

Halafu inakwenda vibaya, na unajiambia mwenzako ana kipaji, wewe huna.

Farasi ni mnyama wa kundi na wa kuwindwa. Macho yake yako kando ya kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa kipande kidogo mbele ya pua na kingine nyuma ya mkia, na uhai wake porini ulitegemea kujua ni nani katika kundi aliyeshtuka. Akiwa na wewe mgongoni, kundi lake ni wewe. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio ambalo huwa nawasimulia wanafunzi wangu. Watu waliongoza au walipanda farasi wakipita njia ileile mara kadhaa. Kabla ya mzunguko wa mwisho waliambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa kamwe. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda kwa kuungoja, na ya farasi yakapanda pia, ingawa farasi hawakuwa na habari ya mwavuli wowote. Sikuambii haya ili uanze kuogopa kuogopa. Nakuambia kwa sababu kwenye foleni wewe ndiye unayebeba mwavuli ambao haujafunguliwa.

Tiba ya foleni ni kutosimama kwenye foleni. Mwombe mwalimu ruhusa uende mwisho wa uwanja, utembeze farasi wako kwa miduara midogo mpaka zamu ifike. Mwendo wa kutembea una mapigo manne, utayasikia chini ya makalio kama ukitulia. Vuta pumzi kwa hatua nne, itoe kwa hatua sita. Ukishindwa kuhesabu, imba. Wimbo wowote, hata wa chekechea, kwa sauti ya kusikika na farasi tu. Anayeimba hawezi kubana pumzi. Nimewaona watu wazima wenye vyeo vyao wakizunguka uwanjani wakinong'ona nyimbo za kanisani, na farasi wao wameshusha vichwa, wanatafuna lijamu taratibu.

Sasa hili la kujilinganisha lenyewe. Nikikuambia "acha tu", nitakuwa nimekupotezea muda, kwa sababu akili ya mtu haiachi kupima. Mwanasaikolojia Mmarekani Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi cha uwezo wake, hujipima kwa watu walio karibu naye. Mkimbiaji ana saa, mnyanyua vyuma ana kilo. Wewe Jumamosi una nini? Una kimo cha kiunzi alichoruka mtoto wa jirani. Hicho ndicho kipimo pekee kilicho mbele ya macho yako, basi unakishika.

Tafuta kipimo kingine, na bahati nzuri mchezo wetu unacho tayari. Dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi afanye matendo yaliyopangwa kwa utulivu na usahihi, huchezwa kwenye uwanja wenye herufi pembeni, na ule mdogo ni mita 20 kwa 40. Kila tendo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na 6 maana yake ni kwamba tendo limeridhisha. Jaji hatakiwi kuuliza jirani yako alifanya nini. Anatazama tendo lako mbele ya tendo linavyopaswa kuwa, anataja namba, anaendelea. Huna haja ya kuwa mchezaji wa dresaji ili uazime utaratibu huo.

Ingia A, pale mlangoni, ukitembea, simama X, katikati ya uwanja, hesabu hadi nne, ondoka. Je, alisimama pale ulipomwomba au mita mbili mbele? Alisimama kwa kuvutwa, au ulipokaa imara na kutoa pumzi tu akaelewa? Jipe alama. Kisha anza troti, mwendo wa mchakamchaka ulio kati ya kutembea na kanta, ukifika E, rudi kutembea ukifika B upande wa pili. Kisha duara la mita 20 kwa troti. Njia yake ni mita 63 hivi, na utashangaa jinsi lilivyo gumu kulifanya liwe duara kweli; la wengi hutoka na umbo la yai. Haya si mazoezi ya wanaobaki nyuma. Waendao Olimpiki huyafanya kila siku.

Na kanta? Kwa jinsi ulivyoandika, sidhani unaogopa mwendo wenyewe. Wengi wanaoniambia wanaogopa kanta, nikiwahoji, wanaogopa kutoweza kuizima. Basi tufundishe kuizima kwanza. Mwombe mwalimu kipindi kimoja cha peke yako, farasi akiwa kwenye kamba ndefu na mwalimu katikati, mshipi wa kushikilia ukiwa umefungwa shingoni mwa farasi. Kanta hatua tano, troti. Kanta hatua tano, troti. Wewe ndiye unayesema lini inaisha, na iishe kabla farasi hajaamua mwenyewe. Kabla ya hapo, farasi akiwa amesimama, jifunze kushuka kwa dharura: toa miguu yote miwili kwenye vikuku vya kukanyagia, lala mbele kidogo, zungusha mguu wa kulia nyuma juu ya matako yake, teremka na magoti yamelegea. Rudia mpaka mwili ukumbuke bila kuulizwa. Ukijua kwa mwili wako kwamba unaweza kusimamisha na unaweza kushuka, kanta inapungua ukubwa.

Jipimie pia hofu yenyewe, kwa namba vilevile. Sifuri ni kukaa kwenye kochi, kumi ni kutaka kulia. Fanya kazi kwenye 3 au 4. Ikifika 6, rudi hatua moja nyuma, na umwambie mwalimu namba hiyo kwa sauti. Walimu wa Nairobi wana mazoea ya kusema "jikaze". Kwenye 3 ni ushauri mzuri. Kwenye 7 ni ushauri mbaya, kwa sababu ukijikaza unabana, ukibana tunarudi kule kwenye kisigino na hatamu.

Ukifika nyumbani andika mistari mitatu kwenye daftari: farasi gani, nilimwomba nini, alijibu nini. Kimo cha kiunzi hakina nafasi humo, wala jina la mtu mwingine. Baada ya miezi miwili soma kurasa za mwanzo. Huko ndiko utakakomwona mtu anayestahili kulinganishwa nawe.

Kuhusu kuanguka kwako nina mawili tu. Ile hadithi ya kwamba ukianguka lazima upande tena papo hapo la sivyo hutapanda milele, usiichukue nzima nzima. Mtu akigonga kichwa hapandi tena siku hiyo, anakwenda kuonwa na daktari hata akijisikia mzima, na helmeti iliyogonga ardhi inabadilishwa hata kama haina ufa unaoonekana. Kama hukugonga kichwa, basi la pili ni kutafuta sababu. Keti na mwalimu mkumbuke: alishtuka nini, ulikuwa ukitazama wapi, kikuku kilikuwa na urefu gani? "Nilianguka kwa sababu mimi sifai" hakuna anayeweza kuirekebisha. "Nilianguka kwa sababu aliteleza konani na mimi nilikuwa nimeinama ndani ya kona" inarekebishwa wiki moja.

Wale wa ufukweni. Mchanga ulioloa karibu na maji ni mgumu kiasi na farasi hukimbia vizuri juu yake, ni kweli raha ile ipo. Lakini wengi wao wanafuata farasi wa kiongozi ambaye hayumo kwenye picha, juu ya farasi aliyepita njia hiyohiyo jana na juzi, na ulichoonyeshwa ni sekunde chache zilizochaguliwa na mwenyewe. Tena nywele zikipepea hivyo, mara nyingi maana yake helmeti haipo kichwani. Ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Mimi picha hizo siziamini, na nisingempa mtu huyo farasi wangu.

Kuna jambo ulilolisema bila kujua. Darasa lina watu sita. Wanne ni watoto, wa tano ni wewe. Huyo wa sita ni nani? Umeandika barua nzima na hukumtaja. Huenda ni mtu mzima kama wewe, anayeshika mshipi wa tandiko kila kona na anayedhani wewe ndiye unayeendelea vizuri. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika kazi yake ya mwaka 1977 kuhusu mtu kuamini uwezo wake, aliweka mbele kabisa ushahidi wa mambo uliyoyafanya mwenyewe ukafaulu. Kinachofuata ni kumwona mwingine akifaulu, hasa aliye kama wewe. Mtoto wa miaka 11 hawezi kukupa ushahidi huo, akiruka hujifunzi lolote kuhusu mwili wa mtu wa miaka 38. Wa sita anaweza. Msalimie. Ombeni kipindi cha pamoja, nyinyi wawili, mtazamane na mrekodiane kwa simu.

Na ukimtazama anayekuzidi, mtazame kwa kazi. Chagua kitu kimoja: mikono yake inafanya nini hatua tatu kabla ya kiunzi, basi. Au usimtazame yeye kabisa, tazama masikio ya farasi wake. Macho yenye kazi hayapati nafasi ya kuhusudu.

Nikupe mtu mmoja wa kumkumbuka. Lis Hartel wa Denmark alipata polio mwaka 1944 akiwa mjamzito. Alirudi kwenye farasi miguu yake imepooza kuanzia magotini kwenda chini, akihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Kwenye Olimpiki ya Helsinki ya 1952, mwaka ambao wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika dresaji, alipata medali ya fedha akiwa na jike wake Jubilee. Kila kitabu cha kupanda farasi kinasema mguu wa chini ndio unaomsemesha farasi. Yeye mguu huo hakuwa nao. Aliyebaki ni farasi mmoja, ambaye alizoea kusikiliza uzito wa mwili na mgongo. Wangemweka kwenye farasi wa mshindani mwingine, huenda asingetoka hata hatua moja, na mshindani huyo juu ya Jubilee angebaki akipiga visigino bila kueleweka. Ndiyo maana nilianza na swali la farasi wako. Unayemwona uwanjani si mtu, ni mtu na farasi wake, na wewe hujui wameambiana nini.

Mashindano: ingia, lakini usiingie viunzi. Mwulize mwalimu kama siku hiyo kuna dresaji ya wanaoanza, ile ya kutembea na troti peke yake. Klabu nyingi huwa nayo. Ukisikia wanasema ni ya watoto, uliza kama kuna umri wa mwisho, maana mara nyingi haupo. Omba mpangilio wa matendo mapema, uuchore kwenye karatasi, uutembee kwa miguu yako sebuleni. Omba farasi yuleyule uliyemzoea, na uandike jina lake kwenye fomu kabla mwingine hajamwandika. Baada ya kutoka uwanjani usiende kwenye ubao wa matokeo. Subiri karatasi yako ya alama, ambayo ina namba ya kila tendo na neno la jaji pembeni. Ukiona 6 kwenye ile "simama X", nitumie barua nyingine, tuzungumze kanta.